Kiasi cha Baiskeli kwa Wiki na Mpaka wa Uchovu

Mazungumzo haya yanahusu swali ambalo waendesha baiskeli wengi wa Afrika Mashariki hulijibu kwa miguu kabla hawajalijibu kwa akili, nalo ni kiasi gani cha mazoezi ya baiskeli kinamfaa mtu mzima kwa wiki moja, na ni wapi manufaa yanapokoma na madhara yakaanza. Swali hili limepata uzito zaidi tangu Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ambayo kabla ya hapo hayakuwa yamewahi kufanyika katika bara la Afrika. Katika mbio za wanaume za siku ya mwisho, alizoshinda Tadej Pogačar wa Slovenia, njia ilikuwa na urefu wa kilomita 267.5 na miinuko iliyozidi jumla ya mita 5,000, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Mtazamaji aliyeona mbio hizo alitamani, kwa haki kabisa, kuitoa baiskeli yake uani siku ya pili yake, na hakuna ubaya wowote katika tamaa hiyo. Ubaya huanza pale anapochukua na ratiba ya washindani hao, kwa kuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa hufanya mazoezi ya saa 20 hadi 30 kwa wiki akiwa na mpishi, mkandaji, daktari na usingizi wa mchana, wala hana kazi nyingine inayomngoja saa mbili asubuhi.

Kabla ya kutaja kiasi, ni lazima kwanza kipimo chenyewe kichaguliwe vizuri, maana wengi hupima kwa kilomita, na kilomita hufaa zaidi kwa kujisifu kuliko kwa kupima kazi iliyofanywa na mwili. Kilomita zipatazo 30 kutoka Mombo kupanda Lushoto, katika milima ya Usambara, si sawa hata kidogo na kilomita 30 za tambarare kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo, na tofauti hiyo huongezeka maradufu ikiwa baiskeli ni ile nzito ya chuma isiyo na gia. Kipimo kinachofaa ni muda pamoja na ukali wa jitihada. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Borg, ndiye aliyebuni utaratibu wa mtu kuipa jitihada yake namba kwa jinsi anavyoihisi, na baadaye mtafiti wa Marekani, Carl Foster, akaurahisisha kwa ajili ya mazoezi, hivi kwamba mtu anapomaliza safari huchagua namba kati ya 0 na 10, ambapo 0 ni kupumzika na 10 ni jitihada isiyoweza kuongezwa, kisha huizidisha namba hiyo kwa dakika alizoendesha. Matokeo yake huitwa mzigo wa mazoezi. Saa mbili za mwendo wa taratibu wenye namba 3 hutoa mzigo wa 360, ilhali saa moja ya kushindana mlimani kwa namba 7 hutoa 420, na hesabu hiyo ndogo inaeleza kwa nini mtu anayesema kwamba ameendesha saa moja tu anaweza kuwa amechoka kuliko mwenzake aliyeendesha mbili. Daftari la shule na kalamu vinatosha kwa kazi hii yote.

Kiwango cha chini kinajulikana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya jitihada ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Karani anayeendesha baiskeli dakika 20 kwenda kazini na 20 kurudi, siku tano kwa wiki, tayari ametimiza dakika 200, hata kama hajawahi kujiita mwanamichezo wala kuvaa suruali za kubana. Jambo hili husahaulika mara kwa mara: mtu huhesabu safari ya Jumapili peke yake, akaziacha nje ya hesabu safari tano za kazini, kisha akashangaa kwa nini magoti yanalalamika. Mwili hauna madaftari mawili, moja la mazoezi na jingine la usafiri.

Sababu ya kuwapo kwa kiwango cha juu iko katika namna mwili unavyojijenga. Mwaka 1936, Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti Montreal nchini Kanada, alieleza kwamba panya waliopitishwa katika mashaka ya aina mbalimbali, yakiwemo baridi, majeraha na kazi nzito ya misuli, walionyesha mfululizo mmoja wa mabadiliko, yaani kushtuka, kisha kustahimili, na hatimaye, mashaka yasipokoma, kuishiwa nguvu. Makocha waliichukua fikra hiyo na kuitumia kwa wanamichezo, na kiini chake bado kinasimama: mazoezi yenyewe humshusha mtu, na kinachompandisha juu ya pale alipokuwa ni chakula na mapumziko yanayofuata. Katika misuli na ini kuna akiba ya wanga inayoitwa glaikojeni, ambayo ndiyo nishati kuu ya jitihada kali, na akiba hiyo inaweza kukaribia kwisha baada ya saa moja na nusu hadi mbili za kuendesha kwa nguvu, ikachukua takribani siku nzima ya kula vizuri ili irudi. Anayerudi barabarani siku ya pili kwa ukali uleule, akiwa amelala njaa nusu, anaanza na akiba iliyopungua, na akifanya hivyo siku ya tatu na ya nne hujikuta anachoma zaidi kuliko anavyoweka.

Wataalamu wa tiba ya michezo wa Ulaya na Marekani, katika tamko lao la pamoja la mwaka 2013, waliugawa uchovu wa mazoezi katika ngazi tatu. Ya kwanza ni uchovu wa makusudi, unaotokana na wiki ngumu iliyopangwa, ambao huisha kwa siku chache au wiki mbili hivi na kumwacha mtu na nguvu zaidi. Ya pili ni uchovu uliopitiliza, ambapo uwezo hushuka na kubaki chini kwa wiki kadhaa hata miezi bila faida yoyote kupatikana. Ya tatu ndiyo hali ya mazoezi ya kupindukia yenyewe, inayoambatana na usingizi mbovu, huzuni au hasira na magonjwa ya mara kwa mara, na inayoweza kudumu miezi mingi. Tatizo ni kwamba mtu aliye katika ngazi ya kwanza na aliye katika ya pili huhisi karibu vilevile siku anaposhuka kwenye baiskeli, na tofauti huonekana baadaye tu, anapopumzika na kuona kama nguvu zinarudi upesi au hazirudi.

Utafiti mmoja unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ulifanywa kwa waendesha baiskeli na unataja saa. Shona Halson na wenzake, katika makala iliyochapishwa mwaka 2002, waliwafuatilia waendesha baiskeli wanane waliozoea mazoezi, kwanza kwa wiki mbili za kawaida yao ya takribani saa 7 kwa wiki, kisha kwa wiki mbili za saa zipatazo 14 zilizojaa jitihada kali, na mwisho kwa wiki mbili za mapumziko ya saa 3 na nusu hivi. Katika kipindi cha kati, nguvu ya juu ambayo kila mmoja aliweza kuitoa kwenye pedali ilipungua, muda wa jaribio la mbio ukarefuka, na hali ya moyo, kwa maana ya furaha na utulivu, ikaharibika. Hata mapigo ya juu kabisa ya moyo yalishuka, jambo linaloweza kumdanganya mtu akadhani kwamba moyo wake umekuwa imara, kumbe umekataa kupanda. Hao hawakuwa wanagenzi. Walikuwa watu waliozoea saa 7 kwa wiki, na wiki mbili tu za kuzidisha mara mbili zilitosha kuwarudisha nyuma. Kwa hiyo swali la saa 14 ni nyingi au chache halina jibu mpaka ijulikane mtu alikuwa akifanya saa ngapi mwezi uliopita, kwa kuwa kwa mshindani wa kulipwa saa 14 ni wiki ya mapumziko.

Baiskeli ina mtego wake ambao mbio za miguu hazina. Anayekimbia hupiga ardhi kwa kila hatua, na misuli yake huumia kwa kuuzuia uzito wa mwili unaposhuka, hivyo maumivu ya muundi au ya kano humsimamisha mapema, apende asipende. Mwendesha baiskeli amekaa, uzito wake umebebwa na kiti, miguu inazunguka bila kishindo, na kwa hiyo anaweza kuongeza saa juu ya saa pasipo maumivu makali ya kumwonya, hadi uchovu unapoingia katika mwili mzima. Maumivu yake yakija huwa ya aina nyingine: sehemu ya mbele ya goti, mara nyingi kwa sababu kiti kimeshushwa mno au gia ni nzito kuliko nguvu, kiuno, ganzi ya vidole inayotokana na kuegemea usukani kwa muda mrefu. Wepesi huohuo wa kukaa una gharama ya pili, kwamba mifupa haipati mshtuko unaoichochea kuimarika, na waendesha baiskeli wa mashindano wamewahi kupimwa wakakutwa na mifupa ya uti wa mgongo iliyo dhaifu kuliko ilivyotarajiwa. Ndiyo maana zile siku mbili za kuimarisha misuli, iwe kwa kunyanyua vitu vizito, kuruka kamba au kulima, si nyongeza ya hiari kwa mtu ambaye zoezi lake pekee ni baiskeli.

Kuhusu ukali, utafiti unaelekea upande mmoja kwa namna inayowashangaza wanaoanza. Stephen Seiler, Mmarekani aliyefanya kazi yake nchini Norwei, alichunguza ratiba za wanamichezo wa ustahimilivu wa kiwango cha juu, wakiwemo wapiga makasia, watelezaji wa theluji na waendesha baiskeli, akakuta kwamba takribani asilimia 80 ya vipindi vyao vilikuwa vya mwendo mwepesi na sehemu ndogo iliyobaki ilikuwa mikali kwelikweli. Mwendo mwepesi maana yake ni ule unaomruhusu mtu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Makundi mengi ya mwisho wa wiki hufanya kinyume chake: yanaanza kwa maongezi, kisha mmoja anaongeza kasi kwenye kilima cha kwanza, wengine wanamfuata ili wasiachwe, na safari nzima inaishia katika mwendo wa katikati ambao ni mgumu mno kuitwa mapumziko na mwepesi mno kumjenga mtu kwa kasi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na safari za namna hiyo zikirudiwa mara nne kwa wiki huwa chanzo cha uchovu sugu kuliko hata zile safari ndefu zinazoogopwa.

Kutokana na hayo yote, viwango vifuatavyo vinaweza kutajwa kwa uangalifu. Mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi anatoshwa na safari tatu za dakika 30 hadi 45 kwa wiki, zote nyepesi, kwa muda wa wiki nne hadi sita, na asijali anayempita. Baada ya miezi kadhaa, mwenye ajira ya kutwa anaweza kufikia saa 4 hadi 6 kwa wiki katika safari tatu au nne, ambapo moja ni ndefu ya saa mbili hivi, moja ina vipande vikali, na zilizobaki ni za mazungumzo, huku siku moja angalau ikiachwa tupu kabisa. Saa 8 hadi 10 ni za mtu aliyeendesha kwa mfululizo wa miaka miwili au mitatu, naye anayevuka hapo akiwa na kazi na watoto kwa kawaida hulipa kwa usingizi, na usingizi ukipungua kile kinachoongezwa barabarani hupotea kitandani. Kanuni inayotajwa sana, ya kutoongeza zaidi ya asilimia 10 kwa wiki, imetokana na uzoefu wa makocha kuliko vipimo, na kwa mwenye dakika 90 inamaanisha dakika tisa tu, ongezeko ambalo mwili hautalihisi. Lenye maana zaidi ni kuongeza kitu kimoja kwa wakati, ama muda ama ukali, kukaa hapo wiki mbili, na kupunguza muda kwa theluthi hadi nusu katika kila wiki ya nne.

Wapo hata hivyo watu ambao hesabu hii haiwahusu kwa namna hiyohiyo, nao ni wengi kuliko wanamichezo. Mwendesha bodaboda wa baiskeli wa Kisumu au Busia, mbeba ndizi wa Burundi anayeshuka milima na mikungu nyuma yake, na mchukuzi wa abiria kwa baiskeli mjini Shinyanga hupiga pedali saa nyingi kila siku bila kuchagua mwendo, mzigo wala siku ya kupumzika. Watafiti wa Denmark wamekuwa wakionyesha kwamba kazi nzito ya mwili haileti kwa moyo manufaa yaleyale yanayoletwa na mazoezi ya hiari, na maelezo yao ni kwamba kazi huchukua muda mrefu, huendelea hata mtu akiwa amechoka, na haimpi nafasi ya kurejesha nguvu. Kumwambia mtu wa namna hii aongeze mazoezi ni kumkosea adabu. Anachohitaji ni chakula cha kutosha, maji, kiti kilichopandishwa kwa urefu wa mguu wake, na siku moja ya kulala, ingawa siku hiyo ina bei ambayo watoa ushauri wengi hawailipi wao.

Hali ya hewa nayo huingia katika mzigo wa wiki bila kuandikwa. Katika joto na unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja, jasho la mtu anayejitahidi linaweza kufikia lita moja au zaidi kwa saa, na mapigo ya moyo hupanda polepole hata kama kasi haijaongezeka, kwa sababu damu inapelekwa pia kwenye ngozi ili kupoza mwili. Mgeni huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto hilo. Anayetoka pwani kwenda Nairobi, au juu zaidi Iten penye mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, hukutana na hewa yenye oksijeni hafifu, na safari aliyoizoea kwa namba 3 itamgharimu 5. Katika mwezi wa Ramadhani, mwenye kufunga hafanyi vibaya kuendelea, mradi aache vipande vikali, aendeshe kwa ufupi karibu na magharibi ili futari ije kwa wakati, au baada ya futari pale barabara inapokuwa salama, na ahesabu kuamka usiku kwa ajili ya daku kuwa ni usingizi uliokatwa.

Dalili za kupita mpaka zinafahamika: mapigo ya moyo ya asubuhi, yakihesabiwa kabla ya kuinuka kitandani, kuwa juu ya kawaida kwa siku kadhaa mfululizo, usingizi kukatika, hamu ya chakula kupotea, hasira kwa jambo dogo, miguu kuwa mizito kwenye kilima kilichozoeleka. Lakini hapa panahitajika tahadhari ambayo vitabu vya Ulaya havina sababu ya kuitilia mkazo. Tamko lile la 2013 linasisitiza kwamba hali ya mazoezi ya kupindukia hutambuliwa baada ya magonjwa mengine kuondolewa katika orodha, na katika nchi zetu orodha hiyo huanza na malaria na upungufu wa damu. Mwanamke mwenye hedhi nzito, au kijana anayekula mlo mmoja ili apungue uzito haraka, anaweza kuonekana amezidisha mazoezi ilhali kilichopungua ni madini ya chuma au chakula chenyewe. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwaka 2014, ililipa jina tatizo la mwanamichezo kula pungufu ya anachotumia na kueleza madhara yake kwa mifupa, homoni na hedhi. Hedhi inayokoma kwa mtu anayefanya mazoezi ni sababu ya kumwona daktari, wala si alama ya ukakamavu. Mwenye homa hapandi baiskeli, na aliyetoka kwenye malaria huanza upya kwa safari fupi hata kama wenzake wanakwenda Bagamoyo.

Kinachowazuia wengi kupumzika ni hofu kwamba wiki moja ya kukaa itafuta kazi ya miezi. Robert Hickson na mwenzake nchini Marekani walilijibu jambo hilo mwaka 1981, walipowapa watu mazoezi ya baiskeli na mbio, dakika 40 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 10, kisha wakayapunguza hadi siku nne au mbili tu kwa wiki kwa muda wa wiki 15 bila kupunguza ukali wake. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni, ambao ndio kipimo kikuu cha ustahimilivu, ulibaki karibu pale ulipofika, hata kwa wale wa siku mbili. Aliyebanwa na kazi, mtihani au msiba anaweza kuishi na siku mbili kwa miezi mitatu na asipoteze mengi.

Wanaobeba jukumu kubwa zaidi katika jambo hili ni viongozi wa vikundi vya waendesha baiskeli, kwa sababu wao ndio wanaoamua kasi ya Jumapili, na mgeni hana ujasiri wa kuomba ipunguzwe. Inafaa watenge safari moja kila wiki ambayo hakuna anayeruhusiwa kumpita wa mwisho, watangaze mapema ni safari ipi itakuwa kali na ipi nyepesi, wamwulize kila mwanachama mpya ameendesha saa ngapi mwezi uliopita kabla ya kumweka kwenye kundi, na mwanachama anayetuma ujumbe alfajiri kwamba amechoka wamwache alale bila kumtania.